Siku Petroli Iliposhuka

Kila mwezi bei ya petroli ikitangazwa, majirani zangu hapa mtaa wa Dallas, mjini Embu, hugeuka mahakimu. Ikipanda shilingi mbili, vijana wa bodaboda wanaitukana serikali, mwalimu mstaafu anawatukana Waarabu, na mama wa kibanda cha mboga anawatukana wa bodaboda. Ikishuka hawaridhiki vilevile, wanaulizana hawa wakubwa wanatutegea nini safari hii. Halafu hakosi mmoja wa kusema, hebu tumuulize mzee, si yeye aliwahi kuuza petroli zamani? Hapo mimi najifanya sisikii. Masikio yangu ni mabovu, lakini si mabovu kiasi hicho.

Niliuza petroli, ndiyo. Niliiuza hapa hapa mjini wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari Mzungu aliyoitangaza ili kuwasaka wapiganaji wa msituni, na si kuuza tu, mimi ndiye niliyekuwa nikiiandika bei. Niliiandika kwa chaki, kwa mkono huu huu, kwenye ubao mweusi uliotundikwa nje kando ya mlango. Kwa hiyo nikisema najua kwa nini bei inapanda na kushuka, sisemi kwa kusoma gazeti.

Aliyeniajiri alikuwa Mhindi mwenye duka la kila kitu: majembe, chumvi, blanketi, misumari. Ubavuni mwa duka palikuwa na stoo ya mabati, na ndani ya stoo mapipa ya petroli. Tangi la chini ya ardhi hatukuwa nalo. Pampu yetu ilikuwa ya mkono, unaifunga kwenye mdomo wa pipa, unazungusha kipini, petroli inapanda na kuingia kwenye mpira. Pipa likiisha unaihamishia pampu kwenye jingine. Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo watu wanaponipotea. Kila pipa lilikuwa na bei yake. Mhindi wangu hakuwa mtu wa kuchanganya mambo. Pipa likishushwa tu alipiga hesabu ya safari yake papo hapo, akaandika bei ya galoni kwa chaki juu ya kifuniko, kwa mwandiko wake uliolala upande. Nami nikilifungua pipa hilo nainakili ile bei ubaoni, kwisha. Ndiyo sababu wiki moja ungeweza kukuta bei tatu. Haikuwa hila ya mtu. Mapipa yalikuwa yamepita njia tofauti.

Njia nzuri ilikuwa ile ya Sagana, kwenye reli. Pipa la Sagana liliuzwa kuanzia shilingi tatu galoni. Lakini wakati ule barabara ilifungwa kila mara, leo daraja, kesho msafara wa magari ya jeshi, na ikifungwa, lori letu lililazimika kuuzunguka mlima: kupakia kule Nanyuki, kwenda Meru, kisha kuteremka kupitia Nkubu na mabonde yake yasiyoisha, mpaka Embu. Dereva alifika na vumbi jekundu mpaka kwenye kope, shavu limejaa miraa, na tairi moja au mbili zimekufa. Njiani alikuwa amewapoza askari wa vizuizi. Jua nalo lilikuwa limekunywa sehemu yake, maana petroli ikichemka ndani ya pipa hutoroka hata ukifunga namna gani. Hilo tuliliita pipa la Nkubu, na liliuzwa tatu na senti sabini. Wenye magari walinitukania mama yangu. Niliwajibu, nenda ukanunue Sagana, na kama barabara imefungwa, ruka.

Nilikuwa na mdomo, sikatai. Baba yangu alikuwa mchinjaji mtaa wa Majengo, babu yangu alikuja na misafara kutoka pwani akaishia hapa, na sisi watu wa Majengo tulilelewa kwenye maneno. Kwenye kipande changu, kile kitambulisho cha wakoloni, mahali pa kabila, Mzungu aliandika "Swahili", na neno hilo moja lilinipa uhuru ambao jirani zangu Waembu na Wameru hawakuwa nao. Mimi nilitembea mjini bila kuulizwa sana. Wao, kutoka kijijini kuja sokoni, walihitaji pasi yenye muhuri, na ukikosa muhuri unapandishwa lori la askari ukiwa umekaa juu ya mikono yako.

Mke wangu alikuwa Mwembu, kutoka upande wa Manyatta. Baba yake aliapa hatampa binti Mwislamu asiyekuwa na shamba wala ukoo unaojulikana. Aliyenisaidia ni kaka yake, mtoto wa kiume pekee wa nyumba ile. Alimlainisha baba yake miezi minane, akasema mwanamume anayefanya kazi kila siku ni bora kuliko mwenye shamba anayelala. Bila huyo shemeji nisingempata mke wangu, wala watoto wangu wawili wasingezaliwa. Nataka hilo lijulikane mapema, ili msije mkaniona mwema kuliko nilivyo.

Emajensi ilipokuja, baba mkwe alikufa kwa ugonjwa, shemeji akaingia msituni na bunduki ya kujitengenezea, na mama mkwe akasukumwa kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa. Asubuhi homugadi, wale Waafrika wenzetu walioshika bunduki za serikali, waliwafungulia wanawake wakalime kwa saa chache, kisha wakawafungia tena. Katika saa hizo chache ndipo mama mkwe alipompelekea mwanawe chakula. Aliweka nduma, yaani majimbi, na ndizi za kuchoma ndani ya kiondo chake, kikapu cha kusuka chenye mkanda, akakiacha chini ya majani ya migomba upande wa mto, akaendelea kulima kama mtu asiyejua kitu. Shemeji alikuja akala, kiondo kikabaki. Akishikwa mmoja wao, anakufa. Ilikuwa rahisi hivyo.

Sasa mtauliza haya yanahusiana vipi na petroli. Yanahusiana. Kabla ya kila msako, serikali ilikodi malori ya raia ili kubebea homugadi na watu wa kufyeka vichaka, na malori hayo yalijaza mafuta kwetu. Yalimaliza mapipa ya Sagana yote kwa asubuhi moja. Nikabaki na mapipa ya Nkubu, nikapandisha bei ubaoni, na kesho yake au kesho kutwa, msako. Bei ikirudi chini ilikuwa na maana barabara ya Sagana imefunguliwa, magari ya jeshi yamekwenda kusumbua watu wengine. Mimi mwenyewe sikuliona jambo hilo. Niliyekuwa naiandika bei sikuweza kuisoma. Waliiona wanawake wa Manyatta, ambao hata baiskeli hawakuwa nayo.

Walikuja sokoni na viazi na mboga, mizigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na wakifika mbele ya duka letu walisimama kukaza kamba. Kila mmoja kamba yake ililegea pale pale. Nilidhani wanapenda kivuli. Siku moja nikamwambia mke wangu kwa mzaha kwamba wanawake wa kwao hawajui kufunga mzigo. Hakucheka. Alinieleza yote, kwa sauti ya chini, huku akimnyonyesha mdogo wetu. Bei ikiwa juu, hakuna anayepeleka chakula. Ikiwa chini, wanapeleka. Mama yake pia. Kisha akaniambia, "Kwa hiyo andika vizuri. Wengine macho yao si mazuri."

Wallahi, kichwa kilinivimba. Mimi, mzungushaji wa pampu, mikono inayonuka mpaka mkate ninaoshika unanuka, kumbe nilikuwa gazeti la wilaya nzima. Nikaanza kuandika tarakimu kubwa, nene. Nilinunua chaki nzuri kwa pesa yangu. Mke wangu naye, akiniletea chakula cha mchana, alizoea kuingia stoo akisoma vifuniko vya mapipa mwenyewe, maana tarakimu alizijua sawasawa. Kisha akitoka ananitania, kwamba Mhindi anaandika kama kuku na mimi naandika kama karani wa kanisa. Mara kadhaa wanawake wa sokoni, wakishuku ubao, walimuuliza yeye, na neno lake lilimaliza ubishi. Alikuwa wao, na alikuwa anaingia stoo.

Mama mkwe nilimwona mara chache alipopata pasi. Kwa desturi zao mkwe wa kiume hamkodolei macho mama wa mke wake, wala yeye hali mbele yake. Alipita akiwa ameinama upande, anaacha ndizi mlangoni, namwamkia nikitazama chini, anaitikia akitazama ukutani. Kwa miaka yote ile sikuwahi kuuona uso wake kwa uzuri. Nilichokijua ni kiondo chake. Mkanda wake ulikuwa umekatika, na mke wangu aliushona kwa uzi wa buluu uliobaki kwenye sweta ya mtoto wetu.

Mambo yaliharibika kwa sababu ya sajini mmoja wa homugadi aliyekuwa na pikipiki. Wiki moja alinikuta na bei tatu tofauti, akaamua mimi ni mwizi, akanikamata ukosi mpaka ofisini kwa Mzungu wa upelelezi. Huyo alikuwa kijana, ana nywele nyekundu na ngozi iliyobabuka puani, na Kiswahili chake ni kile cha kuamrisha mpishi. Nilimweleza habari za mapipa, njia ya Sagana, njia ya Nkubu, jua, tairi. Nilieleza vizuri, akaelewa, akamfukuza sajini. Ningeondoka pale nikiwa mtu safi. Lakini akaniuliza swali moja zaidi, kwa nini wanawake wasio na magari wanasimama mbele ya ubao wangu.

Ningeweza kusema kivuli. Kivuli nilikuwa nimekifikiria mimi mwenyewe kwanza, kilikuwa kimekaa ulimini. Lakini nilikuwa nimetoka kumshinda sajini, nimekaa kwenye kiti mbele ya Mzungu anayenisikiliza, nikataka acheke. Nikamwambia, "Hao, Bwana, wanasoma vita. Bei ikipanda wanajua mnakuja." Na akacheka kweli. Alicheka mpaka akapiga meza, akanipa sigara, akasema mimi iko mtu ya akili. Niliivuta ile sigara njiani nikirudi, taratibu, ili watu waione.

Sikumwambia mtu. Nilijiambia amesahau, Mzungu ana mambo mengi. Zilipita kama wiki mbili, nikaitwa tena, na safari hii hapakuwa na kiti wala sigara. Akasema, "Kesho wewe andika mbili na thumuni."

Nilimwambia bei hiyo, shilingi mbili na senti hamsini, haijawahi kuwako. Nilimwambia hata pipa la Sagana halishuki chini ya tatu, kwamba siku ile stoo ina mapipa ya Nkubu peke yake, kwamba Mhindi atapata hasara. Alijibu hasara ya Mhindi italipwa na serikali. Kisha akafungua faili akanisomea jina la mke wangu na jina la kijiji chake. Alikuwa amejua kwamba yeye ni Mwembu, na kwamba anakaa mjini kwa sababu tu ameolewa nami. Akasema pasi yake inaweza kuisha kesho. Angerudi ndani ya handaki na watoto wawili, au angepelekwa mbali zaidi, mahali ambapo watoto hawapelekwi. Hakupandisha sauti. Aliniambia pia nisifungue mdomo, na hapo akatabasamu, maana tayari alikuwa anaujua mdomo wangu.

Nikirudi nyumbani nilijipangia hesabu yangu ya uoga. Nilijiambia, nitaandika, lakini hawataamini. Mbili na thumuni ni upuuzi. Wanawake hawa wanaijua bei kuliko Mhindi, wataona mara moja kwamba hakuna lori lililoingia, watajua ni mtego, watakaa kimya. Mzungu atakuwa ametiiwa, shemeji atakuwa mzima, na mimi nitakuwa nimewacheza wote. Nililala nikiwa karibu na furaha, na hilo ndilo nisilojisamehe mpaka leo.

Asubuhi ilikuwa siku ya soko. Niliandika mbili na thumuni, tarakimu nene, kwa chaki yangu nzuri. Askari mmoja aliletwa akakaa kwenye ngazi ya veranda, bunduki magotini, akinunua njugu kwa watoto na kuzimenya. Wenye magari waliposikia walikuja mbio. Sijawahi kubarikiwa maishani kama siku ile. Mzungu mwenye shamba la kahawa alinipa senti hamsini. Padri alisema hatimaye serikali imemkumbuka mwananchi. Mwalimu mwenye gari bovu alijaza mpaka petroli ikamwagika chini, akaniita ndugu yangu. Nilizungusha kipini mpaka bega likawaka, na kila pipa nililofungua lilikuwa limeandikwa tatu na sabini kwenye kifuniko.

Wanawake wa Manyatta walifika, wakasimama, kamba zikalegea. Na kama nilivyotarajia, hawakuamini. Niliwaona wakitazamana. Mmoja wao, mama mnene aliyekuwa na shamba karibu na la mama mkwe, alisogea akatazama mpaka mlangoni mwa stoo, akaona hakuna alama mpya za lori kwenye matope. Alirudi akiwatikisia wenzake kichwa. Moyoni nikasema Alhamdulillahi. Nilikuwa nimebakiza saa chache tu.

Ndipo mke wangu alipoleta chakula. Wali na maharagwe, kwenye bakuli la bati lililofungwa kitambaa. Aliuona ubao kwa mbali na nikamwona akipunguza mwendo. Yule mama mnene akamshika mkono, wakanong'ona kwa Kiembu, kisha mke wangu akaja mpaka kwenye pampu. Safari hii hakuingia stoo, kwa sababu askari alikuwa amenyoosha miguu yake mlangoni. Aliniuliza, "Baba watoto, hiyo bei ni ya kweli? Ni ya pipa gani?"

Askari aliacha kumenya njugu.

Ningeweza kumkanyaga mguu. Ningeweza kudondosha bakuli, kukohoa, kumtukana bila sababu, angejua, kwa kuwa sikuwahi kumtukana. Mtu mwenye maneno kama mimi, niliyekuwa na jibu kwa kila dereva. Nilimkasirikia. Hiyo ndiyo kweli yenyewe: nilimkasirikia kwa kuniuliza mbele ya askari, kwa kunilazimisha. Nikamjibu, "La Sagana. Lilikuwa nyuma ya stoo, tulilisahau."

"Kweli?"

"Kweli."

Alitabasamu. Alikuwa na wasiwasi juu ya kaka yake, maana bei ilikuwa imekaa juu kwa muda mrefu na chakula kilikuwa hakijaenda. Akaniwekea bakuli juu ya pipa, akarudi kwa yule mama mnene, na ingawa Kiembu changu ni cha kuombea maji, hayo aliyosema niliyaelewa. Alisema mume wake amethibitisha. Wanawake wakabeba mizigo yao wakaondoka. Mimi nikala wali wote.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, lori moja la kukodi lilisimama mbele ya duka. Sajini wa pikipiki alikuwa ameketi mbele na dereva, amevaa kofia upande, anaimba. Nilikuwa nimekwisha kurudisha bei, tatu na sabini. Alinyoosha kidole ubaoni akasema hataki wizi, yeye atalipa bei ya jana, mbili na thumuni, kwa kuwa hii ni kazi ya jana. Aliposema hivyo wenzake nyuma walicheka. Nikaingiza mpira kwenye tangi la lori nikaanza kuzungusha.

Tangi lilikuwa upande wa nyuma, kwa hiyo nilisimama karibu na ubao wa mwisho wa lori. Walikuwa wamefunika turubai, lakini turubai lilikuwa fupi. Niliona miguu saba. Kando ya miguu hiyo walikuwa wametupa vitu walivyoviokota, vya kuonyesha sokoni ili watu wajifunze: kibuyu, panga, koti la ngozi, na kiondo chenye mkanda ulioshonwa kwa uzi wa buluu. Ndani yake nduma zilikuwa bado zipo, tatu, zimemenywa. Hakuwa amewahi hata kukificha chini ya migomba. Au shemeji alikuwa amekifikia na bado hajala. Nilitazama ile miguu nikijaribu kujua ni ipi ya mama mkwe, na sikuweza. Ya shemeji niliijua, alikuwa na kovu la jembe. Nikageuza macho pembeni kwa haraka, kwa ile desturi, kwa sababu haifai kumtazama mama wa mke wako akiwa hajajisitiri. Fikiria. Nimemwua, halafu namwonea haya.

Galoni kumi na mbili. Nilizungusha zote. Sajini akalipa bei ya jana.

Waliwatandaza sokoni mpaka saa tisa, kisha wakawachukua. Hatukuambiwa wamezikwa wapi. Mke wangu alikwenda, aliwaona, akarudi nyumbani bila kitambaa kichwani. Majirani wa Majengo walikuja kukaa naye, wakasema Mungu ndiye mjuzi. Mimi nilikaa na wanaume nje nikipokea pole. Nilizipokea zote. Nadhani hata nililia, na machozi yalikuwa ya kweli, ingawa sina haki ya kusema hivyo.

Siku ya nne aliniletea chakula kazini kama kawaida. Askari hakuwapo tena. Hakunipa bakuli mkononi, aliliweka chini kwenye vumbi, akaingia stoo. Mapipa matupu tulikuwa tunayarudisha kwa lori linalofuata, na lori lilikuwa halijaja, kwa hiyo yote yalikuwa bado pale, vifuniko vyake juu, na chaki ya Mhindi juu ya vifuniko. Nilimsikia akitembea kutoka pipa hadi pipa. Alikuwa akigonga kila moja kwa kidole anapolimaliza, la mbele, la kati, mpaka la nyuma kabisa, pale nilipomwambia tulilisahau. Mimi nilisimama nje nimeshika kipini cha pampu. Hapakuwa na gari lolote.

Alitoka akipangusa vidole kwenye kanga.

"Nimesoma yote," alisema.

Nilianza kueleza. Nilimwambia faili, pasi, watoto, handaki, Mzungu, nilimwaga yote isipokuwa ile sigara. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaokota bakuli, akalipangusa vumbi kwa upande wa kanga, akanipa mkononi, akaenda zake nyumbani.

Hakuniacha. Mngependa niseme aliniacha. Angekwenda wapi? Kwao hapakuwa na mtu, na mjini alikaa kwa jina langu. Alinizalia watoto wengine watatu. Uhuru ulikuja, Mhindi akauza duka, pakajengwa kituo cha kweli chenye tangi chini ya ardhi, petroli ya njia zote ikachanganyika humo, na mimi nikaendelea na kazi pale pale, mpaka nilipostaafu. Bei ilipanda, ikashuka, vita vya nchi za mbali vikaipandisha tena, na niliibadilisha kila mara.

Na kila jioni nilipoingia ndani, kwa miaka yote hiyo, alinitengea chakula, akaketi, akaniuliza, "Leo ni ngapi?" Nami nikamtajia. Hakuniuliza tena kama ni kweli. Alimwita mmoja wa watoto wetu, mbele yangu, kabla sijanawa mikono, akamtuma akimbie kituoni akaangalie ubao.